Jibini yangu ya kwanza chachu, ya pili chungu, ya tatu imetuna: nakosea wapi?

Swali: Nimetengeneza jibini ngumu kiasi, ya aina ya Gouda, mara tatu kwa lita 10 za maziwa ya ng'ombe ninayoyapasha mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa chachu na ilivunjika kama chaki kila nilipotia kisu. Ya pili maziwa yaligoma kuganda vizuri, nikatia reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa) maradufu. Baada ya wiki sita imekuwa chungu. Ya tatu niliipaka nta siku moja tu baada ya kuitoa kwenye maji ya chumvi, na sasa nta imetuna, chini yake kuna majimaji. Sina kipima pH, kile cha kupima ukali wa asidi. Nakosea wapi?

Jibu: Matatizo yako yana sura tatu, ila mizizi yake iko karibukaribu. Jibini ngumu kiasi ni hesabu ya maji: umeyatoa kiasi gani, umeyatoa lini, na yaliyobaki yamebeba sukari ya maziwa kiasi gani. Sukari hiyo, laktosi, ndiyo chakula cha bakteria uliowatia. Wanaila na kutoa asidi. Ukiacha maji mengi ndani ya punje za mgando, yaani maziwa yaliyoganda na kukatwa, umewawekea akiba, nao wataendelea kuchachusha jibini usiku kucha ndani ya kalibu, chombo cha kuipa umbo, wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo saa nne za mwanzo, sufuria ikiwa bado mbele yako, ndizo zinazoamua mambo. Friji ya kuivishia haisahihishi kilichoharibika sufuriani. Inakionyesha tu, tena kwa kuchelewa.

Ile iliyovunjika kama chaki

Protini kuu ya maziwa, kaseini, imeshikanishwa na kalsiamu na fosfati kama matofali yanavyoshikwa na saruji. Asidi huyeyusha saruji hiyo. Gouda iliyokaa sawa huishia kwenye pH ya 5.1 hadi 5.3, hapo saruji imelainika kiasi, na kipande chembamba hupinda kabla ya kukatika. Ikishuka chini ya 5.0, punje hazina tena cha kuzishika: jibini inameguka, inaacha chengachenga mdomoni, na uchachu wake ni mkali. Hata ukiiweka miezi sita haitapona. Itumie kupikia, basi.

Asidi hupita kiasi kwa njia tatu, na mara nyingi zote huja pamoja. Ya kwanza ni mbegu nyingi, yaani unga wa bakteria wa kuchachusha. Pakiti nyingi hupimwa kwa lita 50 au 100, na mtu mwenye lita 10 hukadiria kwa ncha ya kijiko. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01, pima uzito wa unga wote, gawanya kulingana na lita zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha urudishe unaobaki kwenye friza mara moja kabla haujanyonya unyevu. Ukitumia mbegu ya maji uliyoikuza mwenyewe ndani ya maziwa, mililita 100 hadi 150 zinatosha lita 10. Aina unayoitaka ni ya bakteria wa joto la wastani, jamii ya Lactococcus, wanaofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 32 za Selsiasi. Yoghati si mbadala: bakteria wake wanapenda nyuzi 40 hadi 45 na watakupa jibini nyingine kabisa.

Njia ya pili ni kusubiri mno baada ya kutia mbegu. Dakika 30 hadi 40 kwenye nyuzi 31 zinatosha. Lengo ni kuwaamsha bakteria, si kuyageuza maziwa kuwa mtindi.

Ya tatu, ambayo nadhani ndiyo yako, ni kutoosha mgando. Gouda huoshwa: unachota sehemu ya maji yaliyojitenga na kutia maji safi ya moto badala yake, ili kupunguza laktosi. Maelezo mengi hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja kana kwamba ni la hiari. Nitalirudia hapo chini kwa vipimo.

Maziwa yaliyogoma kuganda

Kuongeza reneti ndiko kulikokuletea uchungu. Reneti kazi yake ya kwanza ni kukata ncha ya protini moja ili maziwa yagande, lakini haiishii hapo. Sehemu yake hubaki ndani ya jibini na kuendelea kukata kaseini wiki baada ya wiki. Baadhi ya vipande vinavyotokea ni vichungu. Kwa kawaida vimeng'enya vya bakteria huvikata tena kuwa vidogo visivyo na ladha hiyo, ila reneti ikiwa maradufu hawawahi. Upungufu wa chumvi huzidisha hali hiyo. Aina ya reneti nayo ina mchango: ya ndama, au kimosini (kimeng'enya chake kikuu) safi inayozalishwa kwa uchachushaji, hukata pale panapotakiwa na kuacha pengine. Ile itokanayo na kuvu hukata ovyo zaidi, na uchungu wake hujitokeza kadiri jibini inavyokaa. Kwa jibini ya wiki mbili hutaona tofauti. Kwa ya miezi mitatu utaiona.

Sasa, kwa nini maziwa yaligoma? Ningeanza kushuku joto ulilopashia. Upashaji wa nyumbani ni nyuzi 63 kwa dakika 30, huku unakoroga, halafu kupoza haraka ndani ya beseni la maji baridi. Ukifika nyuzi 80, au ukichemsha kabisa, protini za majimaji yanayojitenga na mgando huharibika na kujibandika juu ya kaseini, mahali hasa ambapo reneti inatakiwa ikate. Matokeo ni uji badala ya mgando. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji yana shida hiyohiyo, na hakuna dawa yake. Maziwa ambayo mafuta yake yamesagwa kiwandani yasitengeneze malai huganda, lakini mgando wake ni dhaifu na unavunjika mapema.

Kipimajoto chako je? Kitumbukize ndani ya bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, kisome sifuri. Vile vya mshale hudanganya nyuzi tatu au nne bila haya.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha kosa la reneti na kosa la maziwa. Chota lita 1 ya maziwa mabichi ambayo hujayapasha, yafikishe nyuzi 32, tia mililita 0.25 ya reneti uliyoichanganya na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yakianza kushika ndani ya robo saa au zaidi kidogo, reneti ni nzima na tatizo liko kwenye upashaji wako. Yasiposhika kwa nusu saa, reneti imekufa, au maziwa yenyewe yana kasoro, kwa mfano ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele au anayekaribia kukauka. Maziwa ya jaribio yatupe, usiyanywe mabichi. Na maji ya bomba yenye klorini yasikaribie reneti, kwani klorini huiua ndani ya dakika chache. Hilo ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Maziwa yaliyopashwa au yaliyolala kwenye friji hupoteza sehemu ya kalsiamu yake inayofanya kazi, ndiyo sababu huongezwa kalsiamu kloraidi. Kwa lita 10 tia mililita 2.5 za myeyuko wa asilimia 30, ukiuzimua kwanza kwa nusu kikombe cha maji. Usizidishe mara tatu ukidhani unasaidia: ladha inakuwa chungu kwa njia nyingine, na jibini inakakamaa.

Kugandisha kwa kuangalia bakuli, si saa

Reneti ya maji ya nguvu ya kawaida, ile ya takriban vizio 200 kwa mililita, inatakiwa mililita 2 hadi 2.5 kwa lita 10. Ipime kwa bomba la sindano, izimue kwa mililita 50 za maji baridi yasiyo na klorini, imimine ukizungusha upawa kutoka chini kwenda juu kwa dakika moja, kisha usimamishe maziwa yasizunguke tena. Maziwa yanayoendelea kuzunguka wakati wa kuganda hutoa mgando uliochanika.

Hapa ndipo unapofidia kukosa vifaa. Chukua kibakuli chepesi cha plastiki, kile kinachoelea, kiweke katikati ya sufuria. Kisukume kwa kidole kila baada ya nusu dakika: kitazunguka kwa uhuru kama kishada kwenye upepo mdogo. Dakika ya nane, bado kinazunguka. Dakika ya kumi au kumi na mbili, ghafla kinakuwa kizito, kinafuata kidole na kusimama pale unapokiacha, na ukikiinua kinaacha duara lililochorwa juu ya maziwa. Huo ndio wakati wa kushika. Andika dakika zilizopita tangu umimine reneti, kisha uzizidishe kwa 3, au 3.5 ukitaka jibini yenye unyevu zaidi. Kama ilishika dakika ya 12, kata dakika ya 36 hadi 42.

Kikishika kabla ya dakika 10, punguza reneti safari ijayo; kikipita 18, ongeza kidogo sana. Namba hii moja inakuambia habari za maziwa ya siku hiyo, nguvu ya reneti na joto kwa pamoja. Saa ya ukutani haikuambii lolote kati ya hayo. Kabla ya kukata hakikisha: tia ncha ya kisu kwa mshazari, inua. Mgando upasuke kwa ufa mmoja safi, na majimaji yanayoingia kwenye ufa yawe maangavu yenye rangi ya kijanikijani. Yakiwa meupe kama maziwa, subiri dakika tano.

Kata vipande vya sentimita 1. Pitisha kisu kirefu wima, kisha ukivuke, halafu utumie upawa bapa wenye makali kukata ulalo. Havitalingana vyote, na si hoja kubwa, ila vilivyo vikubwa mno ndivyo vitakavyobeba maji na kuacha madoa laini machachu ndani ya jibini. Acha vitulie dakika tano vipate ngozi, kisha ukoroge taratibu kwa dakika 15 hadi 20 ukishikilia nyuzi 31, ukivikata vile vikubwa vinavyoibuka. Ukikoroga kwa nguvu mwanzoni unayamwaga mafuta: majimaji yanakuwa meupe, na jibini inatoka kavu na nyepesi.

Kuosha, hatua ninayodhani uliiruka

Acha punje zizame dakika tatu. Chota lita 3.3 za maji ya mgando, yaani theluthi, uyaweke pembeni. Imebaki takriban lita 6.7 kwenye nyuzi 31. Andaa lita 2 za maji safi yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 60. Yatie kwa kikombe, kidogokidogo, muda wa dakika 10 hadi 15, ukikoroga bila kusimama. Hesabu inakuja yenyewe: lita 6.7 za nyuzi 31 na lita 2 za nyuzi 60 zinakupa lita 8.7 za nyuzi 37.7. Hapo ndipo unapopataka, kati ya 37 na 38, na umepunguza laktosi ya majimaji yale kwa karibu robo.

Kumimina maji hayo yote mara moja ni kosa. Nje ya punje huiva na kufunga kabla ndani hapajatoa maji. Utaziona ngumu kwa nje kama maharage yaliyobabuka, na ukizibinya zinatema maziwa. Maji yaliyofungiwa humo yatatoka baada ya wiki mbili, chini ya nta. Ndiyo, hii nayo inaweza kuwa sehemu ya tatizo lako la tatu.

Endelea kukoroga kwenye nyuzi 37 hadi 38 kwa dakika 20 hadi 30. Mkono ndio unaokwambia mwisho. Chota konzi moja ya punje, bana kiganjani hadi maji yatoke, fungua: zishikane kuwa donge. Sasa lisugue donge hilo kwa kidole gumba. Likiachana na kuwa punje tena, tayari. Likibaki limeng'ang'aniana kama ugali laini, bado lina maji, koroga dakika tano zaidi. Likimwagika bila kushikana kabisa, umekawia, na jibini itakuwa na mianya.

Ukiosha kupita kiasi, kwa mfano kwa kuondoa nusu ya majimaji na kutia maji mengi, utapata kinyume cha chaki: jibini tamutamu, inayonesanesa kama mpira, isiyokomaa ladha. Kwa hiyo anza na vipimo hivi, ubadilishe nusu lita tu kwa safari.

Kukandamiza

Kabla ya kuchota punje, zikusanye chini ya sufuria, zifunike na sahani, weka juu yake uzito wa kilo 2 au 3, ziache dakika 10 zikiwa bado zimezama. Zinaungana bila hewa kuingia katikati. Ukizimwaga zikiwa wazi kwenye kalibu, hewa hujaza nafasi, na utapata matundu yenye pembe ambayo wengi huyadhania kuwa ni kazi ya bakteria. Matundu ya bakteria ni ya mviringo, yanang'aa ndani.

Hamishia pande hilo kwenye kalibu yenye matundu uliyoitandika shashi iliyoloweshwa kwa maji ya mgando. Uzito uanze kidogo: kilo 2 kwa robo saa, geuza, kilo 5 kwa nusu saa, geuza, kilo 10 kwa saa moja na nusu hadi mbili, ukigeuza mara moja katikati. Ukianza na kilo 10, ganda hufunga na kuyazuia maji ndani. Vipimo hivi ni vya kalibu yenye kipenyo cha sentimita 12, ambayo uso wake ni kama sentimita 113 za mraba. Kinachohusika ni mgandamizo kwa eneo, si kilo tupu. Kalibu ya sentimita 15 ina sentimita 177 za mraba, kwa hiyo kilo 10 zako zinakuwa karibu 16. Ndoo ya maji ni mzigo mzuri kwa kuwa lita moja ni kilo moja.

Kunyoosha shashi kila unapogeuza si urembo. Kila kunjo hubaki kuwa ufa mwembamba kwenye ganda, na ukungu huingilia humo.

Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 24. Jibini ya kilo moja hupoa haraka. Chumba kikiwa baridi, bakteria hulala kabla ya kumaliza laktosi, na iliyobaki italiwa na wageni usiowataka. Kwa mtu asiye na kipima pH, kipimo ni saa na ulimi: tangu kutia mbegu hadi kuingiza jibini kwenye maji ya chumvi zipite saa 6 hadi 8, na matone ya mwisho yanayotoka kwenye kalibu yawe na uchachu mdogo tu, wakati yale ya kukata yalikuwa matamu. Kulala nayo kalibuni hadi asubuhi, kwenye chumba chenye joto, ni mwaliko wa chaki. Hata hivyo kipima pH kidogo cha mkononi ndicho kifaa cha kwanza ningekushauri ununue, kabla ya mashine yoyote ya kukandamiza. Jibini iingie chumvini ikiwa kati ya 5.3 na 5.5.

Chumvi

Kilo 1 ya chumvi ndani ya lita 4 za maji inakupa asilimia 20. Ongeza kijiko kikubwa cha myeyuko wa kalsiamu kloraidi na kijiko cha chai cha siki. Bila hivyo, maji mapya yatafyonza kalsiamu kutoka kwenye jibini, na ganda litakuwa na utelezi usiokauka. Yapoze hadi nyuzi 10 hadi 14. Jibini ya kilo moja hukaa saa 8 hadi 10. Itaelea, kwa hiyo nyunyizia chumvi sehemu iliyo juu na uigeuze katikati ya muda. Kiasi unachokitafuta ndani ni karibu asilimia 2. Usimwage maji hayo ukimaliza: yachuje, yachemshe, ongeza chumvi gramu 30 hivi kwa kila jibini iliyopita, yaweke kwenye friji. Ya zamani hufanya kazi vizuri kuliko mapya.

Iliyotuna chini ya nta

Siku moja haitoshi. Jibini ikitoka chumvini, uso wake umelowa na katikati haina chumvi bado. Itachukua wiki kadhaa chumvi kusambaa. Iweke juu ya wavu, nyuzi 12 hadi 15, uigeuze mara mbili kwa siku, hadi ganda liwe kavu kwa kugusa na rangi yake ikolee kidogo kuelekea manjano. Ni siku 3 hadi 5. Usiipulizie feni. Ganda likikauka haraka kuliko ndani, linapasuka.

Nta yako ivue leo, usisubiri. Kisha unuse na utazame. Majimaji safi yenye harufu ya mtindi maana yake ni unyevu uliofungiwa tu: ioshe kwa maji ya chumvi ya asilimia 5, ikaushe siku 4 au 5, uipake upya. Lakini kama jibini yenyewe imevimba, upande wake umetokeza nje, na ukiigonga inasikika kama tupu, hiyo ni gesi, na hapo tarehe ndiyo ushahidi.

Gesi ya saa 24 hadi 48 za kwanza, yenye vitundu vidogo visivyohesabika kama sponji, hutokana na bakteria wa kinyesi au hamira: mikono, shashi, ndoo ya kukamulia, au maziwa yaliyoingiwa na uchafu baada ya kupashwa. Tupa yote, usionje. Gesi ya wiki ya tatu na kuendelea, yenye nyufa kubwa na harufu ya siagi iliyooza, hutokana na Clostridium tyrobutyricum. Spora za bakteria huyu, yaani chembe zake ngumu za kuzaliana, hustahimili nyuzi 63, na mara nyingi hutoka kwa ng'ombe wanaolishwa sileji (majani yaliyovundikwa) iliyoharibika. Kusugua sufuria hakutakusaidia hapo. Badilisha chanzo cha maziwa, au tumia laisozimu, kimeng'enya kinachotolewa kwenye ute wa yai, ukifuata kipimo cha pakiti na kumjulisha kila mlaji mwenye mzio wa mayai. Na kama mbegu haikufanya kazi kabisa, uliza kama ng'ombe alichomwa dawa ya antibayotiki karibuni. Masalia yake huwaua bakteria wako na kuwaachia uwanja hao wengine.

Kwa upakaji, tumia nta ya jibini, si ya mishumaa, ambayo hupasuka unapoigeuza. Iyeyushe kwenye bakuli lililo ndani ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mvuke wa nta hushika moto. Pitisha brashi matabaka mawili membamba badala ya moja nene.

Kuivisha

Nyuzi 10 hadi 13, unyevu wa hewa asilimia 80 hadi 85. Friji ya kawaida ya nyuzi 4 ni baridi mno na kavu mno. Jibini itakaa tu bila kukomaa. Friji ndogo ya zamani yenye kidhibiti joto cha nje inatosha. Kama hupaki nta, iweke jibini ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko na wavu chini, ikijaza karibu nusu yake. Matone yakijikusanya kwenye mfuniko, yafute na uache upenyo. Kipima unyevu cha bei ndogo kihakiki kwanza: kifungie ndani ya mfuko pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa ikawa kama tope, kwa saa 12. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68, ongeza 7 kila mara.

Ukungu wa kijani au kijivu utakuja. Futa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi na siki kidogo, mara mbili kwa wiki, usihangaike zaidi. Ukungu mrefu wenye manyoya unakuambia unyevu umezidi. Rangi ya chungwa yenye utelezi na harufu ya soksi si hatari, ni bakteria wanaopenda chumvi na unyevu; kausha ganda kama huwataki.

Ukiamua siku moja kutumia maziwa mabichi, usiutegemee muda wa siku 60 unaotajwa sana kutokana na kanuni za Marekani kana kwamba ni kinga. Baadhi ya vimelea hatari, ikiwemo aina ya E. koli ijulikanayo kama O157:H7, vimeonekana kuvuka muda huo, na Listeria hukua hata ndani ya friji. Mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasipewe.

Ile chungu usiitupe bado. Ikate nusu, moja uiache miezi miwili zaidi: uchungu wa reneti wakati mwingine hupungua bakteria wakipata muda wa kuvimaliza vile vipande. Kwa jibini yako ya nne, onja kwanza wiki ya nne au ya sita kwa kuchomoa kijiti cha jibini kwa kitoboleo chembamba cha tufaha. Kinuse kikiwa kizima, kipinde, kula ncha ya ndani, kisha urudishe sentimita mbili za nje kwenye tundu kama kizibo na uzibe kwa tone la nta. Kikipinda kama ukanda wa mpira bila ladha, iache mwezi mwingine. Kikikatika papo hapo na kukausha ulimi, rudi kwenye zile lita 2 za maji ya nyuzi 60.